Vyura wa Chemchemi ya Kwetu

Mama alikuja Johannesburg akiugua figo, na siku ya kwanza tu akanipa sharti: akihisi kifo kinakaribia, nimrudishe milimani kwetu, mashariki ya Kongo, azikwe juu ya chemchemi. Nilikubali. Nani angemkatalia? Tukaishi hivyo katika mtaa wa Malvern, yeye kitandani karibu na dirisha, mimi kwenye cherehani nikishona sare za shule.

Kila Jumapili jioni mdogo wangu aliyebaki nyumbani alishuka na simu hadi chemchemini ili mama asikie vyura. Ni vyura wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wanaoishi kwenye majani mabichi ya msitu ambao ukungu wake hauondoki mpaka adhuhuri. Kwetu mwanamke hachoti maji vyura wakiwa kimya. Wakisikia nyayo hunyamaza. Unatua ndoo, unasimama, unangoja waanze tena, ndipo unachota. Bibi harusi hupelekwa pale asubuhi ya kwanza, wakwe waone kama ana subira. Mama alijisifu kwamba yeye alingoja mpaka mama mkwe wake ndiye aliyechoka.

Halafu wakaja wachimba dhahabu. Mdogo wangu alinieleza mimi peke yangu: miti imekatwa ichomwe makaa, kijito kimechimbuliwa, zebaki ya kunasia dhahabu inamwagwa humo humo, na ukungu siku hizi unatoweka kabla watu hawajanywa chai. Chura yule hunywa kwa ngozi, kwa hiyo sumu humwanzia yeye. Nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia. Wachimbaji wenyewe ni vijana wa kwetu wenye njaa, na mimi naishi katika mji uliozaliwa na dhahabu. Vilima vya mchanga wa migodi yake naviona kila nikipeleka sare Turffontein.

Mdogo wangu alisingizia mtandao Jumapili kadhaa, mwisho visingizio vikamwishia. Akashuka, akaielekeza simu majini. Kimya. Mbali kidogo pampu ya wachimbaji ilikuwa inanguruma.

"Mungoje," mama akasema. "Tumewashtua."

Tukangoja. Teksi zilikuwa zinapiga honi Jules Street, nikafunga dirisha. Mama alitulia na simu sikioni, spika imewashwa, uso umemkunjuka, kama bibi harusi yule wa zamani. Nilitaka kumwambia kwamba vyura wamekwisha. Sijawahi kukata tamaa namna ile, kumtazama mtu mzima akiwapa heshima viumbe ambao hawapo.

Mdogo wangu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mama, vyura hawako tena," akasema. "Hata maji yenyewe hatuyanywi. Tunakinga ya mvua."

Mama akanirudishia simu bila kumuaga. Mimi nikajishughulisha na uzi uliokatika kwenye cherehani. Kisha akaniuliza kama makaburi ya huku yako mbali na nyumba yetu. Nikamjibu kwamba si mbali sana.

"Basi mutanizika huku," akasema.