Lodi Aliyehamia Kwetu

Mume wangu Wolfgang ana mtu anayempenda kuliko mimi. Mtu huyo ni mwanaume, ni Mwingereza, na alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Cheka tu. Hata mimi mwanzoni nilicheka.

Wolfgang alizaliwa Marangu, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja Marekani kusoma historia, kwanza Buffalo, ambako nilimfuata na mwanetu Elinami mgongoni na koti la kuazima, kisha Columbus kwa shahada ya uzamivu. Ungetarajia Mchaga achimbue historia ya kahawa au ya wamisionari. Yeye akaangukia kwa Lodi Augustus Thornmere, kabaila na mbunge wa enzi za mawigi, ambaye hata Waingereza wenyewe hawana habari naye. Mimi nikaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee ili tule.

Lodi hakuhamia kwetu kwa siku moja. Alianzia mezani. Nikipakua ndizi, Wolfgang ananisimulia jinsi Lodi alivyosimama bungeni akawatoa jasho mawaziri, huku mchuzi unapoa. Kisha ikaja familia, kuanzia mama yake. Mkewe Charlotte alibaki shamba na watoto wakati bwana yuko London anahutubia. Mwana wa kwanza alitapanya mali kwenye kamari. Binti alitoroka na mwalimu wa muziki. Mwana wa pili alipelekwa jeshi la majini angali mdogo, maana urithi wote ulikuwa wa kaka yake, na hakurudi tena. Siku Wolfgang aliposoma habari za yule binti kutoroka, alisukuma sahani, hamu ya kula imemwisha. Mimi niling'olewa jino, shavu likavimba kama andazi, asione kitu.

Halafu akaichapisha picha ya Lodi, kubwa, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, pale ilipokuwa picha ya harusi yetu. Sisi tukahamishiwa kwenye korido, karibu na bafu.

Rafiki yangu Clémence, Mkongomani wa Bukavu ninayefanya naye kazi, alipokuja kunitembelea alisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu.

"Mama Elinami, ule muzee wa nywele sawa ya kondoo ni nani? Ni baba ya bwana yako?"

"Ni mke mwenzangu," nikamjibu.

Alicheka akashika mbavu. "Donc unasikia wivu juu ya mufu? Bon, mufu haombake chakula, na hana simu. Shukuru Mungu!"

Ndiyo, nilimwonea wivu, tena wivu wa kuniunguza kifua. Mwanamke ambaye mumewe ana kimada walau anajua nyumba ya kwenda kufanyia fujo. Lodi ningemkamata wapi? Hata zile nywele hazikuwa zake. Na Wolfgang alipomtaja, sauti yake ilishuka ikawa laini, ya mtu anayetaka kujua kila kitu, sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu enzi za uchumba.

Nikapata mimba, na kipimo kikaonyesha mtoto wa kiume. Sasa, kwetu jambo hili halina mjadala. Mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa mume, na ndiyo maana Elinami ni Elinami. Wa pili ni wa baba wa mke. Baba yangu, Mzee Aikaeli, alifariki mwaka uliotangulia, nami sikuweza kwenda kumzika kwa sababu vibali vyetu vilikuwa bado havijakamilika. Jina hili ndilo lingekuwa mazishi yangu kwake.

Jioni moja Wolfgang akakohoa kidogo. "Mama Elinami, nimefikiria jina. Augustus."

Nilijua, lakini niliuliza. "Augustus yupi?"

"Lodi. Ni mtu nimeishi naye miaka yote hii. Jina la Mzee Aikaeli tutampa wa tatu."

"Wa tatu utamzaa wewe?"

"Sikiliza kwanza. Alikuwa kiongozi, mtu wa msimamo..."

"Na baba yangu alikuwa nani? Alikuwa diwani! Maisha yake yote alihutubia dhidi ya makabaila, leo mjukuu wake apewe jina la kabaila?"

Akasema tutazungumza akirudi kutoka Louisville. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa wanahistoria kusoma mada yake kuhusu familia ya Lodi. Nilimfungia mkoba wake huku namlaani Lodi, mkewe na watoto wake, isipokuwa yule wa majini.

Uchungu ulinishika yeye akiwa hukohuko. Clémence ndiye aliyeniendesha hospitali. Mtoto akatoka salama, ana mapafu ya mpiga kampeni. Muuguzi akauliza ataitwa nani.

"Andikisha sasa," Clémence akaninong'oneza, "mbele bwana yako afike."

Ningeweza. Ulimi uliniwasha. Lakini nikamwambia muuguzi asubiri. Jina la kunyakua mume akiwa safarini lisingenitosha hata kidogo. Nilitaka Wolfgang achague, kwa mdomo wake, mbele yangu.

Alifika kutoka Louisville bado kavaa kitambulisho cha mkutano shingoni. Nikampa mtoto, nisimsaidie kwa neno lolote.

"Huyo ni nani?" nikamwuliza.

Alimtazama sana. Nilihesabu Lodi ameshinda. Kisha nikamwona mume wangu anapiga magoti kidogo, mtoto mikononi.

"Shikamoo, baba mkwe," akasema. "Shikamoo, Mzee Aikaeli."

Nililia mpaka Clémence akatoka nje. Nililia kwa furaha, na kwa kiburi pia, sifichi. Muuguzi akaandika jina, nikamtajia herufi moja moja.

Wolfgang akavuta kiti karibu na kitanda. Akaniuliza kwa ile sauti yake laini aliyozoea kumtajia Lodi, ambayo sasa ilikuwa ya baba yangu.

"Nisimulie habari zake. Tuanze mwanzo. Mama yake aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nilijua kofia ya baba, kikohozi chake, jinsi alivyopiga meza akihutubia. Mama yake alikufa kabla sijazaliwa. Nyumbani aliitwa Bibi, basi, sikuwahi kuuliza zaidi, na ambaye angenijibu nilishindwa hata kumzika. Wolfgang akasubiri, mtoto kalala mikononi mwake.

Jina pekee lililonijia mdomoni lilikuwa la mama yake Lodi.