Kisu Kisichoshika Kutu

Bainzu Sale alikuwa mchungaji hodari wa kondoo kijijini kwetu, ila majivuno yake hayakuwa na breki. Mengine tulimsamehe, lakini kwa kisu chake alituchosha. Kilikuwa cha kukunja, mpini wa pembe ya kondoo dume, bapa jembamba la chuma cha kizamani, kile kinachoshika makali upesi na kutu upesi zaidi. Alikinunua mwaka aliooa. Kwa miaka arobaini na mitatu alikichinjia, akakikatia jibini, akakitilia alama masikio ya wanakondoo wake, na doa la kutu halikuonekana. Sisi wengine tulikuwa tumeshahamia vyuma vya kisasa, vile visivyoshika kutu, naye hakutuacha tule kwa amani.

"Hicho ni kisu au kijiko?" alikuwa akiuliza pale baa. "Chuma halisi kina wivu, bwana. Kinataka mwanamume anayekijua!"

Nyani haoni kundule.

Mwezi wa pili mkewe, Caderina, alifariki kwa homa ya mapafu. Mwezi wa tano, siku ya kunyoa kondoo, Bainzu alitoa kisu mbele ya watu akate kamba, kikagoma kufunguka. Alipokilazimisha, bapa lilitoka na madoa mekundu. Hatukucheka, mfiwa hachekwi. Lakini aibu aliiona mwenyewe, na kesho yake asubuhi akashuka kwa Barore, fundi wa visu, uso ameukunja.

"Barore, umeniharibia kisu! Ulipokinoa Krismasi ulikichoma chuma kwa joto la mashine."

"Karibu, mzee. Kaa kwanza."

"Sikai! Marehemu baba yako alikitengeneza, hakikujua kutu. Wewe umekigusa mara moja tu, tazama!"

Barore hakubishana. Alilipitisha bapa kwenye kinoo mara chache, akakata karatasi, ikaachana bila kelele. Kisha akachukua kisu kipya cha chuma cha kisasa, akakinoa pia. Kilimtoa jasho kabla ya kukata vile.

"Unaona? Ningekichoma, kisingepata makali upesi hivi. Chuma chako kizima. Hiki kingine ni kibishi kwenye kinoo, lakini hata ukikilaza na jibini usiku kucha hakina habari. Chako kinataka kufutwa kila siku, kikauke, kipakwe mafuta. Wewe unapaka mafuta gani?"

"Mafuta tena? Sijapaka mafuta maisha yangu yote."

Barore alimtazama. Akazigonga pini za mpini zikatoka, akaviachanisha vipande. Ndani mlikuwa na utando wa mafuta ya zeituni yaliyoganda, na katikati yake uzi wa buluu.

"Mtu amepaka humu miaka na miaka, mzee. Kwa ncha ya kitambaa."

Bainzu aliujua uzi ule. Ulitoka kwenye aproni ya Caderina. Sasa alikaa bila kukaribishwa.

Kila jioni, akishakula, alikuwa akikitupa kisu mezani kikiwa wazi, na mabaki yake ya jibini, akaenda kulala. Kila asubuhi alikikuta kando ya kikombe cha kahawa, kimefutwa, kimefungwa. Hakuwahi kujiuliza. Mungu amsamehe, alidhani alikifunga mwenyewe. Na kuna siku alimfokea mkewe kwamba chupa ya mafuta inakwisha upesi, nyumba hii mnayanywa? Caderina alisema tu, "Nitapunguza."

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza.

"Labda alikuwa anakusikia unavyojisifu, mzee. Hakutaka kukuvunjia heshima."

Maneno yale yalimkata kuliko kitu chochote kilichokuwa juu ya meza ile. Barore naye aliona amezidisha, akaanza kuyasugua madoa kwa haraka.

"Hiki kitapona. Nitakuonyesha: unafuta, unatia matone mawili, basi."

"Nitasahau, Barore. Najijua." Bainzu alinyoosha kidole. "Nipe hicho cha kisasa."

"Wewe? Utachekwa na kijiji kizima!"

"Wacheke. Nipe kisichohitaji mtu, mwanangu."

Jioni ile alikula peke yake, mkate mkavu na jibini. Mkono ukafanya ulichozoea: ukakitupa kisu kipya mezani, naye akaenda kulala.

Asubuhi aliingia jikoni kuchemsha kahawa. Kisu kilikuwa palepale alipokitupa, wazi, ganda la jibini limekaukia juu yake. Alilikwangua kwa ukucha. Chini yake bapa liling'aa, halina hata doa. Bainzu alikaa mbele ya kisu kile, akalia kwa sauti kubwa, mpaka jirani yake Peppina akaja mbio, akidhani kuna mtu amefariki.