Eliza na Asali ya Kuagwa

Eliza wa Ikungi haogopi mtu, ila alimwogopa wifi yake, Dina. Dina ni dada mkubwa wa mumewe, na nyumba nzima inakwenda kwa kauli yake. Kwao, anayekwenda kwenye jambo zito haondoki kabla hajalamba asali kwenye kiganja cha dada mkubwa. Ukikataa, umeukataa ukoo.

Asali hiyo ndiyo iliyomponza Eliza mwaka jana. Alishakatwa titi la kushoto, na daktari alitaka kujua kama saratani imerudi. Akapelekwa Dar es Salaam, kwenye mashine inayopiga picha za aina mbili kwa mpigo. Asubuhi ya kipimo, wakiwa nyumba ya wageni, Dina akakunjua kiganja. Eliza alishaambiwa asile kitu, lakini akaona haya, akalamba. Hospitali wakakuta sukari ya damu imepanda, wakamrudisha.

Alphonce, mtaalamu wa mashine, akamweleza kwa upole. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi. Saratani ni roho mlafi, huwahi kuila. Pale inapokula, mionzi hutoka, ikigonga fuwele za mashine unazuka mwanga hafifu usioonekana kwa macho. Nyuma ya fuwele vimepangwa vipande vya silikoni, vidogo kuliko punje ya alizeti, vya kuunasa mwanga ule na kuonyesha ulikotoka.

"Ukija umelamba asali, mama, ugonjwa nao unakuwa umeshiba. Sukari yetu hautaigusa, na vile vipande havitaona kitu."

Akaongeza kwamba picha ya pili hupigwa kwa sumaku kubwa. Vifaa vya zamani sumaku hiyo ilivivuruga, lakini hivi vipande vya silikoni havibabaiki. Eliza alivipenda papo hapo. Njia nzima hadi kwao Singida alilia kwa hasira, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe.

Foleni ya mashine ni ndefu, mwaka huu ndipo akapangiwa tena. Asubuhi, nyumba ya wageni ile ile, Dina akamimina asali kiganjani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Lamba."

"Silambi."

"Unaukataa ukoo wa mume wako?"

"Nautaka uhai wangu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mwaka mzima nimeyaficha haya kwa asali yako. Nivute utakavyo, wifi, sibabaiki. Leo yatashinda na njaa pamoja na mimi."

Asali ikamchuruzika Dina hadi kwenye kiwiko. "Basi ukifa usituite!" akafoka, kana kwamba kuna maiti aliyewahi kumwita mtu.

Eliza akaenda peke yake. Akachomwa sindano, akalala ndani ya mashine bila kutikisika, sumaku ikigonga na kunguruma. Majibu yalipotoka, kulikuwa na alama moja kwapani, kama punje ya choroko. Imerudi, daktari alisema, ila imewahiwa. Dawa zianze wiki hii. Eliza aliumia, lakini hakulia. Aliomba aonyeshwe picha, akaikodolea macho ile alama.

"Nimekuona," akaiambia.

Aliporudi nyumba ya wageni alimkuta Dina amekaa kitandani, chupa ya asali mapajani, macho mekundu.

"Imerudi, wifi."

Dina akaanza kulia kwa sauti. Eliza akaketi karibu yake, akaushika mkono wake, akakikunjua kiganja.

"Mimina," akasema. "Asubuhi nilikuwa nakwenda kumtazama adui tu. Sasa ndipo naondoka kwenda kupigana naye."