Kigoda cha Kitindamimba na Kompyuta ya Zombe

Kwetu, huku milimani karibu na Kikima, hakuna binti anayeolewa akatoka bila kigoda. Baba alikuwa fundi wa mbao, na siku ya kumuaga binti alisimama mbele ya watu, akainua kigoda cha miguu mitatu, akasema maneno yale yale: "Hiki nimekichonga kwa mkono wangu." Basi. Hotuba aliwaachia wajomba. Dada zangu watatu walienda na vyao. Mimi nilienda na changu na nikarudi nacho, na mambo hayo tuyaache hapo.

Kikabaki cha kitindamimba. Baba alikuwa ameshalichonga gogo la mti wa mukau, miguu imekaa sawa, kikalio kimesuguliwa, bado nakshi tu. Ndipo mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Baadaye akawa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na patasi zake akazitia kwenye kopo akalifunika. 

Kisha kitindamimba akaleta mchumba, harusi ikapangwa Agosti. Nikamwambia Baba tutafute fundi mwingine amalizie ile nakshi. Wee!

"Halafu nisimame niwadanganye watu? Mimi, mzee wa kanisa?"

Akaondoka zake.

Mimi hutengeneza redio na simu pale sokoni, na kichwa changu ni kigumu, nimekirithi kwake. Katika karakana yake kulikuwa na mashine ndogo ya kuchimba nakshi, aliyoipata shule fulani ilipoondoa vyombo vyake vya zamani. Juu kuna kisu kinachozunguka. Chini kuna meza inayosogezwa kwa magurudumu mawili ya kuzungusha kwa mkono, moja la kushoto na kulia, moja la mbele na nyuma. Nikawaza: magurudumu haya yakizungushwa na mota, na mota zikiamrishwa na kompyuta, mkono unaotetemeka una kazi gani hapo?

Mota nilizing'oa kwenye mashine mbovu za fotokopi. Kompyuta ndiyo iliyonihangaisha, maana nilitaka ya kizamani, ile yenye tundu pana la printa kwa nyuma, ambalo kila waya wake unaweza kuamrisha kitu. Za siku hizi hazina. Nikaambiwa kuna mwenye duka kule Zombe, mzee Mwislamu aliyehamia kutoka kaskazini mashariki, ambaye zamani aliwachapia watu barua kwa kompyuta ya namna hiyo. Nikavuka hadi huko Kitui. Nilikuta ameifunika kwa leso safi.

"Chukua, dada yangu," akaniambia, "lakini usiiharakishe. Ukishaiwasha, nenda kanywe chai kwanza."

Haki, hakunidanganya.

Mashine ya namna hii lazima uifundishe: mota ikizunguka mara kadhaa, meza imesogea kiasi gani? Upande mmoja niliupima kwa rula yangu ya chuma. Ikanipotea, kama kawaida, na upande wa pili nikaupima kwa rula ya mbao ya Baba. Kisha nikaiambia kompyuta ichore duara kwenye ubao wa majaribio. Likatoka yai. Nilikagua nyaya siku nzima, nikaitukana kompyuta ya watu, nikamtukana na aliyegundua umeme. Baba akaja, akautazama ubao, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mwaitu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Umepima na rula yangu?"

"Ndiyo."

"Ukatoa mbili?"

Ai! Rula ile ilivunjika kichwa kabla sijazaliwa. Namba yake ya kwanza ni mbili. Sote tulilelewa tukipima nayo na kutoa mbili bila hata kufikiri. Na mimi mjuaji, na mota zangu, nilisahau.

Nikarekebisha. Ubao wa pili ukatoka safi: duara, na ndani yake vile vilima vya nakshi ya kiondo, kikapu cha kusukwa, cha marehemu mama, ambavyo Baba huviweka kwenye kila kigoda. Nikamwekea mapajani. Akavipitishia kidole vilima, kimoja kimoja.

"Ni safi," akasema. "Mpelekee mdogo wako, umwambie mashine inamsalimu."

Nilikasirika, jamani. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba kiburi chake ndicho kitakachomtoa mtoto nyumbani mikono mitupu. Aliinuka, akaketi mbele ya kompyuta, akagusa kitufe kimoja cha mshale cha kusogezea meza. Kidole kikatetemeka, meza ikaruka mara sita. Akauondoa mkono upesi.

"Unaona? Hata huku nimekataliwa."

Hasira yote ikaniisha. Sidhani nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mzee yule wakati ule. Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba zile kompyuta zina mpangilio wa watu kama yeye: ukigonga kitufe mara nyingi kwa haraka, yenyewe inahesabu mara moja tu. Nikauwasha.

"Jaribu tena, Baba."

Akagusa. Kidole kikagonga mara sita, meza ikasogea mara moja, nusu milimita. Akanitazama. Akagusa tena.

Tulikifunga kigoda chenyewe mezani. Duara aliiachia kompyuta, akisema hata yeye hulichora kwa bikari. Vilima vyote vilikuwa vyake. Kulia, mbele, kulia, mbele, siku tisa, miwani imeshuka puani, anamkemea kila anayeingia na kelele. Kwa kuwa alikwenda hatua moja moja, kingo zilitoka na ngazi ndogo ndogo kama mishono ya kiondo. Siku ya nne alibonyeza mshale usio wenyewe, kisu kikatoka nje ya mstari. Nikataka kupaziba.

"Paache. Hapo ni mimi."

Agosti ikafika. Watu wamejaa uani, Baba akasimama, akainua kigoda kwa mikono miwili.

"Hiki nimekichonga kwa mkono..." Akasita. Namfahamu mzee huyu, nilijua anachowaza. Nikasema moyoni, leo atatuaibisha kwa huo ukweli wake.

Akakiweka kigoda mapajani mwa kitindamimba, kisha akainua kidole cha shahada, kikitetemeka mbele ya watu wote.

"Kwa kidole," akasema. "Hiki hapa."

Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Kitindamimba hakucheka. Alikishika kile kidole, akakifumbata mkononi mwake mpaka kikatulia.