Kufuli Zisizofunga

Fundi wa programu aliyekuja hospitalini Walikale hakuwa na haraka. Kabla ya kugusa ordinateri, kompyuta ya hospitali, alipasha viganja moto kwenye kikombe cha chai, kisha akafumba macho, midomo ikicheza kana kwamba anambembeleza mtoto alale. Ukungu wa msitu uliingia dirishani taratibu. Mukasine, muuguzi wa zamu, alitamani kumharakisha, maana kila jumbe mbili za simu za wajawazito wanaoomba pikipiki zilipofika pamoja, programu ilizichanganya: jina la mama huyu, kijiji cha yule. Juzi pikipiki ilimfuata mama mmoja kijijini Mpofi, naye alikuwa akiumwa uchungu kijiji kingine.

"Njo virusi vinaichanganya?" Mukasine akauliza.

"Hapana, Mama. Programu inaombaka kufuli, kusudi ujumbe moja ungojee ingine. Iko na bibliotheke mbili za kuazima, vipande vya programu vyenye watu wengine waliandika, na inachukuaka kufuli kwa ile inatangulia. Kufuli za mule ni za bure. Zinaitika tu, hazifunge kitu."

Kidole cha fundi kikapita polepole juu ya mstari wenye majina ya bibliotheke zile, kikahamisha jina la ile yenye kufuli za kweli mbele ya jingine. Akaiunganisha programu upya, akakaa kungoja, mikono mapajani.

Alasiri jumbe mbili zikaingia kwa pamoja. Fundi akasoma kwa sauti ya chini: "Élisabeth, Mpofi. Cindy, Mubi." Mukasine akapiga simu kote kuwili, akakuta kila mama yuko pale alipoandikwa, akatuma pikipiki. Fundi hakushangilia. Aliyarudia majina yale, taratibu, mpaka ngurumo za pikipiki zote mbili zikamezwa na msitu.