Simu ya Mezani Niliyopewa Bure

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, kule Buruburu, Nairobi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Na mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Hata kanisani mchungaji akisema tufumbe macho, langu moja hubaki kazini.

Mume wangu, Musyoka, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Yeye ni Mkamba, mimi ni Mluhya wa Vihiga. Nyumba tuliyokuwa tunakaa ilikuwa ya marehemu mama yake, karani wa serikali aliyefariki kabla sijaolewa. Binti yetu, Mbithe, tulimpa jina la huyo nyanya yake, kama desturi inavyotaka.

Tulikuwa tunatafuta intaneti ya nyumbani. Wauzaji hawakuisha getini: "Sasa mathe, tukuwekee?" Kifurushi hiki kina kasi lakini hakina chaneli za mpira. Kile kina mpira, lakini mvua ikinyesha kinakwama. Musyoka alitaka mpira, mtoto alitaka katuni, na mimi nilitaka kumwona mume wangu usoni akisema yuko mpakani Malaba, nihakikishe ni Malaba kweli. Wote niliwafukuza.

Halafu akaja yule. Alivaa koti la kung'aa kama wenzake, ila hakunisalimu kwa "sasa" wala "niaje". Alipiga hodi akasimama nje ya mlango. Nilimpa maji, akakataa. Ai! Mtu amezunguka Buruburu nzima juani, anakataa maji? Tena hakuniomba kitambulisho wala nambari yangu ya simu, na wewe unajua wauzaji wa Nairobi, kitambulisho ndicho wanachoomba kabla ya jina lako.

"Chukua kifurushi cha vitatu, mama," akasema. "Intaneti, televisheni na simu ya mezani. Simu ni bure."

"Simu ya mezani siku hizi ya nini? Nitampigia nani?"

"Si wewe utakayepiga. Na waya wake wa zamani bado upo, nyuma ya kochi."

Ni kweli ulikuwepo. Lakini niambie, mtu aliyesimama nje ya mlango aliuonaje? Nilitaka kumuuliza, naye akaniwahi: "Nani hapa hupenda kushika simu?"

Nikajibu, mjinga mimi: "Mtoto."

Unashangaa kwa nini nilikubali. Kilikuwa na mpira, katuni na kasi, vyote pamoja, na nilikuwa nimechoka kuchagua. Akaingia, akafunga kila kitu mwenyewe upesi upesi, akaenda zake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu sijui alikuja nani apone.

Vyote vilifanya kazi vizuri, sitasema uongo. Simu nayo ilikaa kimya, hata nikaisahau. Ndipo alasiri moja ikaita. Nikashika, nikasikia mama mzee akikohoa, kisha akanisalimu kwa Kikamba.

"Nipe wajina wangu nimsalimie," akasema.

Wajina ni mtu mwenye jina kama lako. Huko kwa kina Musyoka, kina Mbithe ni wengi, shangazi, mama wadogo, siwajui hata nusu. Na mimi ni mke wa kuolewa. Utamuuliza vipi mama wa ukweni, "Wewe ni nani?" Habari ingefika kijijini kabla ya jua kutua, kwamba yule Mluhya wenu hana adabu. Nikamwita mtoto, nikampa simu.

"Ndiyo, susu," nikamsikia akisema. Susu ndiye nyanya kwa Wakamba. "Ndiyo. Ngoja nivae viatu."

Nikacheka, nikarudi jikoni kugeuza ugali. Nilipotoka, sebule ilikuwa tupu na mlango wazi.

Woi, nilikimbia! Nilimwona mbele, karibu kufika Jogoo Road, magari yakipita kwa kishindo. Amevaa viatu vya kanisani. Anatembea peke yake, haki ya Mungu, lakini mkono wake mmoja ameuinua juu, vile mtoto anavyoinua akishikwa na mtu mzima.

Nikamkamata ule mkono mwingine. Nikavuta. Nikavutwa! Mimi, mwanamke wa kubeba gunia la mahindi, nikaburutwa hatua nzima kuelekea barabarani. Adabu ikanitoka yote. Nikapiga kelele: "Wewe ni nani? Nauliza, wewe ni nani? Huyu ni mtoto wangu!"

Mkono ukaachiliwa ghafla, tukaanguka chini wote wawili. Watu wakatutazama kama vichaa.

Niling'oa ile simu, na saa hiyo hiyo intaneti na televisheni vikafa. Ofisini kwa kampuni iliyoandikwa kwenye koti lake wakaniambia hawauzi simu ya mezani, na nyumba yangu hawaijui. Nikampigia Musyoka nikamuuliza ni shangazi yupi mwenye sauti ya kukwaruza, anayekohoa kabla ya kusema. Nikasikia akizima injini ya lori.

"Mama alifariki kwa kifua," akasema.

Tulihamia Njiru. Mtoto tulimpa jina la kwetu, Kageha, na lile la kwanza haliitwi tena nyumbani. Shangazi zake wanasema nimemzika mama yao mara ya pili. Musyoka hajanilaumu. Ila siku moja, akiwa amenipa mgongo, aliniuliza: "Hakuniulizia mimi?" Nikamwambia, "Alikuulizia." Nilimdanganya, na ninajua alijua.

Kwa hiyo wewe unayechagua kifurushi, chagua kasi, chagua mpira, shauri yako. Lakini simu ikiita, na anayeongea humjui, muulize jina hata akiwa mkwe. Mkwe ukimkosea heshima, utamwomba msamaha na atakusamehe. Mtoto akishaenda, utamwomba nani?