Kisulisuli Kichwani mwa Mama

Nilipokuwa mtoto kule Ugogo, Wajerumani wakiwa bado ndio watawala, kisulisuli kikitokea mbugani tulilala kifudifudi. Tuliambiwa ndani ya vumbi lile mna pepo, na humwingia kichwani anayelipita katikati. Mbuzi akianza kuzunguka mahali pamoja, kichwa upande, tulijua keshaingiwa. Alichinjwa, nyama ikaliwa, lakini kichwa kilizikwa kizima, pepo asije akatoka.

Kiangazi kimoja mama yangu alianza kuumwa kichwa. Kila alfajiri alitapika, jua likipanda akapata nafuu. Mvua zilipofika alikuwa akijigonga kwenye nguzo za nyumba yetu ya tembe, maana aliona kilicho mbele yake tu, cha pembeni hakukiona. Mganga akasema pepo ametumwa, na aliyemtuma yumo humu humu nyumbani. Hakutaja jina, wala hakuwa na haja. Baba alikuwa na mke wa pili, mama mdogo Nyemo, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto. Penye wengi pana mengi, na yote yalimwangukia yeye. Baba akaamua arudishwe kwao. Mwanamke aliyerudishwa kwa tuhuma za uchawi, nani angempokea? Nililia mpaka nikapigwa.

Asubuhi ya kuondoka kwake, kulikuwa na mbuzi wa kuzunguka aliyekuwa ametoka kuchinjwa. Mama akajikongoja hadi uani, akamwambia baba, akimwita kwa jina langu:

"Baba Mbeleje, pasua hicho kichwa."

"Unataka tufe wote?"

"Mimi nakufa hata hivyo. Pasua."

Baba alikipasua kwa shoka. Hakutoka pepo. Ndani ya ubongo kulikuwa na kifuko cha maji. Mama akakipapasa kwa vidole.

"Kumbe kitu huota tu humu," akasema. "Au mbuzi naye karogwa na Nyemo? Walikuwa wanagombea mume?"

Shangazi aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo. Baba hakucheka. Alimtua mama mdogo mzigo wake, akaurudisha ndani mwenyewe.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia daktari mmoja. Akaniambia kile cha mbuzi kilitokana na mnyoo. Cha mama huenda kilikuwa uvimbe, nao uko wa aina nyingi. Mwingine huota ndani ya ubongo wenyewe, mwingine kwenye utando unaoufunika, mwingine kwenye uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi. Wa mama pengine ulikua polepole, ukibana mishipa ya macho. Basi mama alikosea ugonjwa, masikini. Lakini kuhusu Nyemo hakukosea.

Mama alifariki kabla ya mavuno. Siku zake za mwisho hakukubali kulishwa uji na mkono mwingine ila wa Nyemo, tena alitaka alishwe uani, majirani wakiona. Mimi nililelewa kwa mkono huo huo, nikaozwa nao, na wanangu wakamwita bibi. Miaka yote niliamini kwamba siku ile mama alimwokoa mke mwenzake. Sasa nimezeeka, ndipo naona kwamba alikuwa akiniachia mama.